Gambuti za Kijani na Mti wa Mpakani

“Toa mkono kwenye mti wangu!”

“Wako? Ulizaliwa ukiwa umeushika?”

“Nimesema toa mkono, Mama Kinya, kabla sijasahau kwamba tumeolewa boma moja.”

“Sahau! Si ulishasahau kitambo? Tangu uvalishwe hizo gambuti, unamkumbuka nani?”

Ni saa moja asubuhi nyuma ya mtaa wa Dallas, mjini Embu, pale nyumba za kupanga zinapoishia na migomba inapoanzia. Umande haujakauka. Cicily Igoki, ambaye majirani humwita Mama Muthomi, amesimama upande mmoja wa mti akiwa amepanua mikono kama kipa. Upande wa pili yupo Kathambi, ndiye Mama Kinya, mke wa shemeji yake, leso kiunoni, jagi la maziwa bado mkononi. Ametoka kukamua akaingia vitani moja kwa moja.

Kwenye ua wa michongoma watu wameshajipanga. Mmoja ana mswaki mdomoni. Ciku, anayeuza mboga kwenye kona, ameacha sukuma wiki yake bila mtu wa kuilinda.

“Wacha waibe,” anasema. “Sukuma nitapata kesho. Hii sitapata.”

Kinachogombaniwa ni mti mmoja tu, ule ambao watu wa hapa wanauita muthiga. Magome yake huwasha ulimi kama pilipili, na tangu enzi za mababu mtu akiumwa na jino au akibanwa na kifua hutafuna kipande. Lakini asubuhi hii mti uko uchi. Mtu ameuchuna gome usawa wa kiuno, akauzunguka karibu wote, na kidonda bado kinatoa maji.

Cicily anapitisha kidole pembeni mwa kidonda hicho. Kuna utepe mmoja wa gome uliobaki, upana wa viganja viwili.

“Hapa tu ndipo unapopumulia,” anasema. “Mti haukatwi hivi. Unachukua kidogo upande wa jua linakotoka, kidogo upande linakotua, halafu unafunika na kinyesi cha ng’ombe na udongo. Ukiuzungushia kisu, umeuua.”

Cicily ana miaka arubaini na sita. Kazi yake ya kila siku ni kufulia watu nguo Dallas. Anabisha mlango, anapewa beseni, na siku nzuri anarudi nyumbani na shilingi mia tano. Siku mbaya anarudi na mikono iliyokunjamana kama ya mtu aliyetolewa mtoni.

Kazi ya pili ndiyo iliyomfanya azungumzwe. Mwaka jana watafiti wa chuo kikuu walipita hapa wakitafuta miti ya dawa za kienyeji. Wanataka kujua kama kuna kitu ndani ya mimea hii kinachoweza siku moja kusaidia watu wenye saratani ya mdomo. Walimkuta Cicily anaanika nguo, wakamuuliza kama anaujua muthiga. Akawaonyesha ule wa mpakani. Tangu siku hiyo, kila mwezi anawachunia magome machache, anayakausha kivulini, na kuyatia kwenye mifuko ya karatasi. Wanamlipa kidogo. Na walimpa gambuti, viatu virefu vya mpira, za kijani, mpya, ili asiumwe na nyoka.

Hizo gambuti!

“Anazivaa hata kanisani,” Ciku anasema, akihakikisha Cicily yuko mbali kidogo. “Mchungaji akisema tusimame, sisi tunasikia viatu. Kwap, kwap. Na kulikuwa na jua!”

Kathambi hana hata haja ya kunong’ona. “Mtu akipata gambuti anatembea kama ana gari.”

Lakini hasira yake haikuanzia miguuni. Mti huu uko katikati kabisa ya mashamba mawili. Baba mkwe wao alipowagawia wanawe, Nyaga na Ndwiga, aliuacha uwe mpaka, akasema kila upande utautumia na hakuna upande utakaoukata bila kuuliza mwingine. Cicily ni mke wa Nyaga. Kathambi ni mke wa Ndwiga.

Siku watafiti walipokuja, Kathambi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao Meru kumzika mama yake.

“Mimi niko kaburini, natupa udongo, na yeye yuko hapa anauza mti wangu,” anasema. “Narudi nikiwa nimenyoa nywele za msiba, nakuta mtu ana kazi ya chuo. Hata pole hakunipa vizuri. Alinipa pole akiangalia gambuti zake.”

“Nilikupa pole na kilo mbili za mchele!” Cicily anaruka.

“Ulikuwa na mawe!”

Watu wanacheka. Mwenye mswaki anatema mate ili acheke vizuri.

Ukiwasikiliza kwa muda, unagundua kwamba kila mmoja ana orodha yake. Cicily anasema Kathambi alijenga choo cha mawe, yeye akanyamaza. Akanunua ng’ombe wa maziwa, akanyamaza. Binti yake Kinya akaitwa kusomea uuguzi, akanyamaza, tena alikwenda kwenye sherehe akala. “Nimepata gambuti tu, mtu ameshindwa kunyamaza.”

Na kuna lile ambalo halisemi hadi aulizwe peke yake, pembeni, karibu na kamba yake ya nguo. Mumewe Nyaga alikwenda Kangeta kufanya biashara ya miraa. Biashara ilimnogea, na mwanamke wa huko pia akamnogea. Mwanawe Muthomi naye yuko Nairobi, hupiga simu Krismasi.

“Jioni nikizima taa naskia Ndwiga akikohoa upande ule,” anasema. “Wangu anakohoa Kangeta. Sasa wewe niambie, nani anapaswa kumwonea mwenzake wivu?”

Hapa nyuma ya Dallas, Ciku ana maelezo yake. “Wivu ni kama umeme. Kila nyumba imevutiwa, na kila mtu anaapa ya jirani ndiyo inawaka sana.”

Rudi mtini. Cicily amepata jibu alilokuwa akilitafuta. Chini ya mti kuna kisu cha jikoni chenye mpini uliofungwa kwa mpira mwekundu wa baiskeli. Kila mtu hapa anakijua. Ni cha Kathambi. Kilitumika kukata keki siku ya sherehe ya Kinya.

“Ni wewe,” Cicily anasema polepole. “Umeuua mti ili nikose kazi.”

Kathambi anaangalia kisu. Anaangalia watu kwenye ua.

“Niliomba,” anasema. “Mara mbili nilikuja mlangoni kwako kama ombaomba. Nikasema Mama Muthomi nichunie kidogo. Ukaniambia nini?”

Cicily anaangalia gambuti zake.

“Uliniambia ni ya chuo. Ukasema hii si ya kutafuna ovyo, ni dawa ya saratani, ina wenyewe. Mbele ya Ciku!”

“Alisema,” Ciku anathibitisha, bila kuulizwa.

“Basi nilichukua. Nikachukua usiku kama mwizi, kwenye mti wa nusu yangu, kwa sababu ninayemtafutia hawezi kungoja ufurahi!” Maziwa yanamwagika kwenye leso. “Ni ya Ndwiga! Ndwiga ana kidonda mdomoni!”

Hata mswaki unasimama.

Hakuna aliyejua, na katika mtaa huu hilo peke yake ni muujiza. Ndwiga ni fundi wa mawe. Kwa miaka mingi amekuwa akitafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, kazini, na tumbaku kuusindikiza. Kidonda kilianza pembeni mwa ulimi wakati wa kupanda maharagwe, na sasa maharagwe yameshavunwa. Alianza kwa kukataa chai ya moto. Akaja kukataa wageni. Sasa hula akiwa ameugeukia ukuta, kwa sababu anahofia harufu, na kwa sababu hataki mkewe aone jinsi anavyomeza.

Kathambi aliificha habari hiyo kama mtu anavyoficha deni. “Ningemwambia huyu,” anasema, akimwonyesha Cicily kwa kidevu, “angefurahi. Angesema, haya, sasa tumelingana.”

Ndwiga hakukubali kwenda hospitali. Mbona aende mbali, alimwambia mkewe, na watu wa chuo wanatoka mbali kuja kuchukua dawa kwenye mpaka wake? Mke wa Nyaga mwenyewe amesema ni dawa ya saratani. Kwa hiyo alitafuna magome. Yalimchoma hadi machozi yakamtoka, ulimi ukafa ganzi, na kwa saa moja hivi hakusikia uchungu. Akasema inafanya kazi. Akaomba nyingine, na nyingine, hadi usiku wa jana kisu kikauzunguka mti.

Ni wakati huo ambapo pikipiki inasimama na Maxine anashuka. Ni siku yake ya kuchukua magome. Ni msichana mwembamba mwenye begi mgongoni, anayesomea shahada ya pili na kufanya kazi katika maabara ya watafiti hao. Hapa wote humwita daktari, ingawa kila mara anawaambia si daktari.

Anauona mti, anashika mdomo. Kisha anaelezwa habari ya Ndwiga, na mkono unashuka.

“Anatafuna? Kwa muda gani?”

Kathambi anamwambia.

Maxine anamgeukia Cicily. Hapandishi sauti. “Mama, si nilikueleza? Si nilikuja na zile picha nikakueleza mara mbili?”

Watu wote kwenye ua wanamwangalia Cicily. Kwa mwaka mzima mtaa huu umekuwa ukimwita Mama Dawa. Wenye nyumba Dallas waliokuwa wakimpigia kelele kwa sababu ya kola zisizotakata, sasa humuuliza ushauri kuhusu vidonda vya tumbo na hata, mmoja, kuhusu mume asiyetulia. Alikuwa amepata jina. Na kila aliyelitaja jina hilo, Kathambi alikuwa akisikia.

Anaweza kunyamaza. Maxine atamaliza kuongea, watu watasema ni maneno ya wasomi, na jina litabaki.

Cicily anainama, anakiokota kisu, anakifuta kwenye sketi yake.

“Si dawa,” anasema.

“Sema kwa sauti!” mtu wa mswaki anaita.

“Nimesema si dawa! Bado.” Anavuta pumzi. “Wanachemsha magome, wanatoa kitu kilicho ndani, wanakiweka kwenye kisahani. Kwenye kisahani kuna ugonjwa wameukuza, si mtu. Wanangoja waone kama utakufa.”

“Na unakufa?” Ciku anauliza.

“Wakati mwingine,” Maxine anasema. “Lakini kwenye kisahani hata ile dawa ya kung’arisha mashuka inaua. Swali ni kama itaua kibaya na kukiacha kizuri. Hilo hatujui. Litachukua miaka, na huenda jibu likawa hapana.”

Mfano huo umemgusa Cicily penyewe. “Naijua hiyo,” anawageukia watu. “Niliharibu shati la mwalimu mmoja hapo Dallas. Nilitaka kutoa doa la wino. Doa lilitoka, na maua ya shati yakatoka nalo. Ikabidi nilipe shati. Sasa huo ni ulimi wa mtu. Nitalipa na nini?”

Ciku anapiga makofi mara moja, pa! “Kwa hiyo mwaka mzima tumekuwa tukikuheshimu bure?”

Kicheko kinazunguka ua wote. Cicily anakipokea akiwa amesimama wima, gambuti zikiwa zimezama kwenye udongo. Shingo yake imejaa mishipa.

Halafu anafanya jambo ambalo Kathambi anasema hatalisahau, ingawa anasema pia kwamba hajamsamehe. Anavuka mpaka. Anakwenda hadi kwenye dirisha la nyumba ya shemeji yake, anaongea na pazia.

“Baba Kinya. Najua unasikia. Mimi nina wivu na mke wako, na sitakudanganya. Nina wivu wa ng’ombe, wa choo, wa Kinya. Lakini wivu mkubwa ni kwamba yeye ana mtu wa kugombana naye jioni. Ukifa kwa sababu ya gome langu, nitamwonea wivu nani?”

“Gome letu,” Kathambi anasema nyuma yake.

“Gome letu. Toka, shemeji. Nenda hospitali wakuangalie.”

Pazia halisogei. Kuku anapita. Kisha mlango unafunguka na Ndwiga anatoka akiwa amevaa koti na kofia ya kazi, leso imezungushwa mdomoni. Ni mtu mkubwa aliyepungua. Anakwenda moja kwa moja kwenye pikipiki iliyomleta Maxine, anapanda.

“Na mimi?” Kathambi anapiga kelele. “Nimelowa maziwa!”

“Panda na maziwa yako,” Ciku anasema.

Baada ya wao kuondoka, Cicily hakwenda kufua siku hiyo. Mti ulihitaji kufungwa, na dawa yake ni kinyesi cha ng’ombe. Yeye hana ng’ombe. Kwa hiyo aliingia kwenye zizi la Kathambi bila kuomba, akajaza ndoo, akakikanda kinyesi na udongo mwekundu, akaupaka mti kwa mikono. Akaufunga na shuka kuukuu ambalo mteja mmoja alikuwa amemwambia alitupe.

Kathambi aliporudi jioni na kuona alama za gambuti kwenye zizi, alimpigia kelele juu ya ua. “Sasa unaiba hadi mavi?”

“Kwenye ng’ombe wa nusu yangu,” Cicily alijibu.

Hospitalini madaktari walikata kipande kidogo cha kidonda wakakipeleka kupimwa. Majibu yalipotoka, Kathambi aliyabeba hadi nyumbani ndani ya blauzi, kana kwamba yangepata baridi. Ni saratani. Lakini bado ni ndogo, haijashuka shingoni, na wamesema itakatwa. Sehemu ya ulimi itakwenda nayo. Walimwambia Ndwiga aache muguka na tumbaku, na hayo magome pia, kwa sababu yalikuwa yakichoma mahali palipokwisha kuungua.

“Walimuuliza mbona alichelewa,” Kathambi anasema. “Akawaambia, dawa ilikuwa mpakani. Daktari hakucheka.”

Maxine naye amebadilisha utaratibu. Sasa hakuna gome linalochukuliwa kwenye mti huu hadi ijulikane kama utapona. Majani ya juu yamegeuka manjano upande mmoja. Ya upande wa utepe uliobaki bado ni mabichi. Cicily huenda kuyaangalia kila asubuhi kabla ya kwenda kufua, na mara nyingi humkuta Kathambi ameshafika.

“Anaenda mapema ili aseme ni yeye aliyeuponya,” Cicily anasema.

Mpango wake ni kitalu. Ameokota mbegu chini ya mti huo na kuzipanda kwenye vikopo vya siagi, amevipanga kando ya beseni zake. Baadhi zimechipua. Anataka mpaka wote, kutoka barabarani hadi mtoni, uwe wa muthiga, kila upande na safu yake, ili siku watafiti wakirudi kutaka magome, kusiwe na mti mmoja wa kugombaniwa hadi kuuana. Amemwambia Maxine jina la Kathambi liandikwe pia kwenye orodha ya wanaolipwa. Alilisema hilo kwa meno yaliyofungwa, lakini alilisema.

Kathambi ana sharti. “Jina peke yake la nini? Nataka gambuti.”

“Muuguzi wa kesho hana gambuti, mama yake anataka gambuti,” Cicily anamchokoza, akimaanisha Kinya.

“Unaona? Bado anamwonea mtoto wangu wivu!”

Leo ni Jumatano mchana. Kesho asubuhi Ndwiga ataingia hospitali kukatwa. Baada ya hapo hatatafuna kwa muda, na hakuna anayejua ataongea vipi. Cicily amekuja na parachichi tatu zilizoiva, ndani ya mfuko wa karatasi wa maabara. Laini, anasema, hazihitaji meno. Amepanga kuziweka mlangoni aondoke.

Ndani kunanukia ndizi zilizopondwa na maharagwe. Kathambi anasimama mlangoni, mwiko mkononi, mguu umezuia njia.

“Weka hapo.”

Cicily anaweka.

“Ni nani?” Sauti ya Ndwiga inatoka ndani, nzito, kama ya mtu mwenye jiwe mdomoni.

“Ni yule wa gambuti.”

Kinasikika kiti kikiburutwa sakafuni. Ndwiga, ambaye tangu wakati wa maharagwe amekuwa akila akiutazama ukuta, amekigeuza kiti chake kikaelekea mlangoni. Sahani iko mapajani. Leso ya mdomoni ameitundika kwenye msumari.

“Mbona amesimama nje kama mdai?” anasema. “Leo nataka nyumba ijae. Ciku mwiteni pia, kabla hajaja mwenyewe. Mama Muthomi, kuna chakula.”

Cicily anamwangalia Kathambi. Kathambi anaangalia parachichi, anaangalia viatu, anaangalia parachichi tena.

“Ukisifu chakula changu nitajua unataka kitu,” anasema.

“Sisifu.”

“Na hicho kiti cha karibu naye ni changu.”

“Nitakaa kwenye ndoo.”

Kathambi anautoa mguu mlangoni. “Basi umesikia mwenye nyumba. Vua hizo gambuti uingie ule.”